Bosi Hana Neno

Mwalimu wa chekechea alichuchumaa mpaka magoti yakalia, akamtazama mtoto usoni na kumpa lile tabasamu ambalo walimu hulivaa asubuhi pamoja na viatu.

"Haya, baba. Jina lako nani?"

Mtoto alimwangalia kama afisa anayekagua duka lisilo na leseni. Alikuwa na miaka mitatu na nusu, suruali mpya iliyokunjwa chini ili imfae na mwakani, na uso wa mtu aliyezoea kuhudumiwa. Hakusema kitu.

"Anaitwa Bosi," dada yake akajibu. "Kwenye cheti ana jina jingine, refu, lakini tukimwita hilo hageuki."

"Sijakuuliza wewe, mama. Nimemuuliza yeye. Haya, Bosi, unapenda kucheza na nini?"

"Ndoo," dada akasema. "Na mifuniko. Akikosa mfuniko analia."

Dada huyu alikuwa darasa la pili, na nyumbani walimwita Msemaji. Kila taasisi kubwa ina msemaji wake, na Bosi alikuwa taasisi. Yeye alinyoosha kidole, Msemaji akatoa taarifa.

Mama yao alikuwa amesimama nyuma, mkoba kifuani, akitabasamu huku anasali kimoyomoyo. Bosi akamvuta sketi, akakunja kiganja kama kikombe na kukipeleka mdomoni. Kabla mwalimu hajavuta pumzi, mama alikwisha kuchomoa chupa ya maji, akafungua, akampa. Bosi akanywa, akarudisha chupa bila hata kuiangalia. Ilipokelewa. Mwalimu aliona yote hayo.

"Huyu akitaka kwenda chooni anasemaje?"

"Anashika hapa," Msemaji akasema, na akaonyesha.

Kwenye benchi walikuwa wameketi wazazi wengine na watoto wao waliokwisha kutaja majina, rangi na baadhi ya wanyama. Benchi zima likacheka. Mama Bosi naye akacheka, maana ukichekwa usipocheka unaonekana umeumia.

Mwalimu akamvuta pembeni. "Mama, mlete akishaongea."

"Mwalimu, nimemleta ili aongee. Akikaa na wenzake atajifunza."

"Nakuelewa. Lakini watoto ni wengi kuliko viti, na mimi niko peke yangu. Huyu akiumwa tumbo nitajuaje? Akipigwa na mwenzake atanishtakia vipi?" Alishusha sauti. "Tunafungua mwezi ujao. Nafasi yake nitaishika mpaka Ijumaa ya wiki ya kwanza. Aombe kitu kimoja tu kwa mdomo wake mwenyewe. Kimoja. Ikipita hapo kuna mzazi mwingine anasubiri, na mimi siwezi kumdanganya."

Njiani mama alitembea haraka. Bosi alipochoka akainua mikono, akabebwa. Msemaji akasema, "Anasema amechoka," na kwa mara ya kwanza mama yake alimgeukia kwa ukali.

"Hajasema! Hajasema chochote! Wewe ndiye umesema!"

Msemaji akanyamaza mpaka nyumbani, na kwake hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko kiboko.

Nyumbani kwao kulikuwa na chumba na sebule, na ubavuni mwa sebule, ukuta mmoja katikati, mashine ya kusaga nafaka. Ilinguruma tangu watu wanapopiga mswaki mpaka giza likiingia. Vikombe kabatini vilitetemeka. Picha ya harusi ilining'inia upande na hakuna aliyejisumbua kuinyoosha, kwa sababu ingerudi upande. Baba, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa mweupe kuanzia kope hadi vidole vya miguu, na watoto wa jirani waliomwona ameoga walimwamkia kama mgeni.

Kwa kelele ile, kuongea kulikuwa kujichosha bure. Kwa hiyo Fundi na mkewe walikuwa na mikono. Kiganja chini, zima. Ngumi juu ya ngumi, gunia limejaa. Vidole vikisuguana, huyu anataka unga laini. Kidole kwenye sikio, mteja huyu ana maneno mengi, usimjibu. Walikuwa wepesi kiasi kwamba waliweza kugombana chumba kizima kikiwa kimejaa wateja na mteja asijue. Bosi alizaliwa ndani ya mambo hayo. Alikuwa bado ananyonya alipojifunza kusugua vidole, na wazazi wake walicheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye unga wa mashavu yao. Wakasema, mtoto huyu ana akili. Kweli alikuwa nayo. Ila hakuna aliyewaza kwamba mtu mwenye kila kitu mikononi hana haja ya kupekua mdomoni.

"Mwalimu anasemaje?" Fundi aliuliza kwa kuinua kidevu.

Mama akaweka kiganja chini. Zima.

Fundi akaonyesha foleni ya ndoo mlangoni.

"ZIMA!" mama akapiga kelele, na kwa kuwa alikuwa hajawahi kupiga kelele mle ndani, Fundi akazima.

Akamweleza. Fundi akakung'uta unga kwenye nyusi. "Ataongea tu. Mimi mwenyewe nilichelewa. Na sasa siongei?"

"Huongei," mkewe akasema. "Unapunga mikono."

Mteja mmoja akakohoa. Fundi akawasha.

Habari za familia hazihitaji posta. Kabla wiki haijaisha shangazi mtu aliwasili na begi, dada mkubwa wa Fundi, muuza mitumba mwenye sauti iliyozoea kushindana na soko zima. Pengine ni yeye peke yake katika ukoo aliyeweza kusikika juu ya mashine, na alifanya hivyo.

"Wifi, huyu mtoto hana ugonjwa! Huyu ni jeuri! Mmemdekeza! Anaonyesha kidole, mnakimbia kama wahudumu wa hoteli! Mtu gani atajisumbua kuongea akiwa na watumishi watatu?"

Ubaya wa maneno ya Shangazi ni kwamba nusu yake yalikuwa kweli. Ndiyo maana mama alikubali.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kikombe cha Bosi kikapandishwa juu ya kabati. Mkate ukapandishwa. Mfuniko wa ndoo, ule mwekundu anaoupenda, ukapandishwa. Akitaka, aseme.

"Sema maji," Shangazi alimwambia, akiwa amekaa mbele yake na kikombe mkononi. "Maa. Ji. Sema."

Bosi akakunja kiganja.

"Sitaki mkono. Mdomo. Maa."

Bosi akakunja kiganja tena, polepole zaidi, kama mtu anayemweleza mgeni asiyejua lugha. Kisha akakunja viganja viwili. Kisha akalia. Shangazi akainua mkono kumzuia wifi yake aliyekuwa ameanza kusogea. "Muache. Leo akishinda yeye, umekwisha."

Mwisho alipewa, bila shaka. Hawakuwa watu wabaya. Alipewa baada ya kulia sana, na kila siku ilibidi alie zaidi kidogo. Msemaji alipigwa marufuku kutoa taarifa. Alitembea nyumbani akiwa ameuma midomo, macho yamemtoka. Wateja nao wakapata habari, na kila aliyeweka ndoo chini akaona ana deni la kusaidia. "Sema shikamoo, nikupe pipi." "Sema mjomba." "Sema aa." Mmoja akamuuliza mama, mtoto akiwa amesimama pale pale, "Huyu ndiye bubu?"

Baada ya siku chache Bosi akatulia. Hakuvuta sketi, hakukunja kiganja, hakulia. Shangazi akafurahi. "Mmeona? Jeuri imetoka. Sasa maneno yatapata nafasi ya kupita."

Mchana huo mteja mmoja alimnyooshea Bosi kipande cha mkate bila masharti yoyote, kwa upendo tu. Bosi akautazama mkate, akamtazama yule mtu, akageuka na kwenda zake. Mama alikuwa kwenye mizani. Mkono ukaganda juu ya jiwe la kupimia. Mtoto huyu hakuwahi kukataa mkate maisha yake yote.

Alimfuata. Akamkuta nyuma ya magunia, amekaa chini, akinyonya ncha ya kitambaa cha kufutia mizani, kile ambacho mama alikilowesha maji asubuhi hiyo na kukisahau. Midomo ilikuwa imekauka na kuchanika pembeni. Kikombe chake kilionekana kutoka pale, kupitia mlango wa sebule, juu ya kabati, kimejaa. Bosi alimwona mama yake. Hakuinua mkono. Aliendelea kunyonya kitambaa.

Mama alikwenda kabatini, akachukua kikombe, akarudi, akapiga magoti kwenye vumbi. Bosi akakiangalia kikombe na asikipokee, kwa sababu kikombe sasa kilikuwa kitu chenye mtego ndani yake. Ilibidi mama anywe kwanza yeye, kisha akiweke chini na kugeukia ukutani. Ndipo akasikia mtoto anakunywa, kwa mkupuo, bila kupumua.

"Wifi," alisema alipoingia sebuleni, "utaondoka lini?"

"Unanifukuza? Nyumbani kwa mdogo wangu?"

"Nakuuliza ili nikufungie chakula cha njiani."

"Mimi nimekuja kuwasaidia!"

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza kwa adabu." Akajifunga kitenge upya. "Mtoto wangu alikuwa haongei, lakini alikuwa anaomba. Sasa haombi. Tumemsaidia mpaka ameacha kuomba, wifi."

Shangazi alimwita mdogo wake aamue. Fundi alisimama mlangoni, mweupe kama sanamu, akamtazama dada yake, akamtazama mkewe. Akainua mikono yote miwili na kuishusha. Hiyo haikuwa na maana yoyote katika lugha yao ya mashine. Shangazi akaanza kukunja nguo zake kwa kelele ambayo nguo hazina kawaida ya kutoa.

Kwenye kituo cha afya, mtaalamu wa usemi alikuwa msichana mwenye macho ya kutolala, aliyegawanywa kati ya vituo vingi mpaka hakuwa na kiti chake mwenyewe. Alikaa sakafuni. Masikio ya Bosi yalikwisha kupimwa chumba cha pili na kuonekana mazima. Mama hakujua afurahi au alie, maana kama ni masikio angalau kungekuwa na mahali pa kunyooshea kidole.

"Nani anaongea naye nyumbani?"

"Sisi wote."

"Jana mliongea naye nini?"

Mama akafikiri. "Nilimwambia atoke pale. Baadaye nikamwambia aje aoge. Halafu nikamwambia aache."

"Hayo ni maagizo, mama. Hata mbuzi anaambiwa toka."

Msemaji, aliyekuwa kwenye benchi, bado chini ya marufuku, akaangalia dari.

"Na kuna kitu chochote mmejaribu? Kumnyima kitu mpaka aseme?"

"Hapana," mama akasema haraka.

"Shangazi alimnyima maji," Msemaji akalipuka, "na mkate, na mfuniko mwekundu, na mimi nikakatazwa kumsemea, na yeye akawa ananyonya kitambaa, na shangazi amekwenda zake amekasirika!" Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Mtaalamu hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka. Alisema, "Alikuwa na mlango mmoja wa kuombea. Mmeufunga kabla hamjamfungulia mwingine. Ufungueni. Akiomba kwa mkono, mpe, na wewe ndiye useme neno. Asilazimishwe. Mwambieni mnachofanya, anachofanya yeye, kwa maneno machache, mkiwa mmekaa chini usawa wake. Halafu nyamazeni. Mpeni muda. Na siku akitoa neno, hata likiwa nusu, hata likiwa limepinda, litimizeni hapo hapo. Aone kwamba maneno yanafanya kazi."

Akamimina vizibo vya soda sakafuni na kuweka kopo katikati. "Ndani," alisema, akitumbukiza kimoja. Akasubiri. "Ndani." Akasubiri tena, muda mrefu hadi mama akaona aibu kwa niaba yake. Bosi akasogea. Akachukua kizibo. Akakitumbukiza.

"Umeona?" mtaalamu akauliza.

"Sijaona kitu."

"Amenitazama mdomo."

Mama alikuwa amepanga foleni tangu alfajiri na mguu mmoja umekufa ganzi. "Dada yangu, nimekuja hapa nionyeshwe mdomo? Mwalimu anataka neno. Ijumaa ya kwanza shule ikifunguliwa. Mimi nitamwambia ametazama mdomo?"

"Siwezi kukuahidi Ijumaa," yule msichana alisema, na ilionekana alikuwa amechoka kusema sentensi hiyo kwa watu wengi. "Mnaishi wapi? Kuna utulivu?"

Mama akamweleza. Msichana akafumba macho kidogo. "Izimeni. Saa moja tu kila siku. Wakati wowote mtoto akiwa macho. Hawezi kuokota maneno ndani ya ngurumo."

"Saa moja!" Fundi alisema, mama alipomfikishia ujumbe nyumbani. "Ipi? Asubuhi wanakuja wenye maandazi. Mchana wenye hoteli. Jioni mtaa mzima. Nikizima saa moja wanavuka barabara kwa yule mwenye mashine mpya, na mtu akivuka harudi."

"Basi mtoto wako hataongea."

"Ataongea! Kwani lazima aongee Ijumaa?"

"Lazima aongee na wewe," mama akasema. "Umewahi kumwambia nini, baba Bosi? Kitu kimoja. Nitajie."

Fundi akakung'uta mikono. Akaenda kuwasha.

Mama alijitahidi peke yake. Alikaa chini ukutani mwa sebule na kupiga kelele juu ya ngurumo: "Bakuli! Bakuli kubwa! Unafunika!" Ilikuwa kama kumsomea mtu barua katikati ya mvua ya mawe. Jioni koo lilikuwa limekwaruzika na Bosi alikuwa amejua kwamba mama yake ana hasira na mabakuli. Kitu kimoja kilirudi: kiganja. Siku moja akakikunja, kwa wasiwasi, akiwa tayari kukimbia. Mama akampa kikombe haraka hata maji yakamwagika. "Maji," alisema. "Haya, maji." Bosi akanywa akimtazama kwa pembe ya jicho.

Shule ikafunguliwa. Watoto wa jirani wakapita na mabegi makubwa kuliko migongo yao. Jumatatu ikapita, Jumanne ikafuata.

Jumatano mkanda wa mashine ukakatika.

Ulikatika kwa kishindo, ukapiga bati, kisha kukawa kimya kizito hata mtu akatamani kuomba radhi. Wateja wakalalamika kwa zamu, wakabeba ndoo zao kuvuka barabara. Fundi akawatazama wakivuka, mmoja mmoja, kama mtu anayetazama nyumba yake ikihamishwa matofali. Halafu akalala chali chini ya mashine, mikono yote miwili ndani hadi kwenye viwiko, na akaanza kutukana mkanda.

"Mjinga wewe. Nimekupaka mafuta, nimekubembeleza, leo ndiyo shukrani. Kaa hapo. Kaa! Nipe spana."

Alidhani mkewe yupo. Mkewe alikuwa nje anajaribu kuwabakiza wateja wa mwisho. Aliyekuwepo ni Bosi, amechuchumaa karibu na sanduku la vyuma, akitazama mdomo wa baba yake ukitoa vitu ambavyo kwa kawaida haukuvitoa.

Spana ikapenyezwa ndani ya mashine hadi kwenye kiganja cha Fundi.

"Siyo hii. Ile kubwa."

Spana ikaondolewa. Kubwa ikaletwa.

"Haya. Sasa kitambaa, nifute hapa." Kitambaa kikaja. "Na nati. Iko ndani ya kopo." Kopo zima likaja, likimwagika njia nzima.

Ndipo Fundi alipogeuza shingo kusema asante au kufoka, na akaona miguu midogo yenye unga. Alibaki amelala pale. Mikono yake ilikuwa imekwama ndani ya mashine tangu mwanzo. Hakuwa amepunga hata kidole.

"We," alisema taratibu. "Niletee mfuniko mwekundu."

Bosi akaenda sebuleni, ambako mfuniko ulikuwa umerudishwa kwenye ndoo yake. Akarudi na mfuniko mwekundu.

"Mama Bosi!" Fundi alipiga kelele, akajigonga kichwa kwenye chuma. "Mama Bosi, njoo! Huyu anajua! Anajua maneno! Yote anayo humo ndani!"

Mama aliingia mbio akidhani mtu amekatwa kidole. Alipoelezwa, alikaa juu ya gunia. "Hilo yule msichana wa kituoni alilijua bila kulala chini ya mashine," alisema, kwa uchungu zaidi kuliko furaha. "Anayo. Wiki zote hizi anayo, na sisi tunamnyima maji."

Fundi alifunga nati ya mwisho. Kila alichoshika alikitaja, kwa sauti ya mtu anayeona haya mbele ya mkewe. "Hii nati. Hii inazunguka. Hii... hii sijui inaitwaje, lakini ikilegea tumekwisha." Bosi akasikiliza yote. Hakutoa hata sauti.

Alhamisi alasiri, foleni ikiwa imerudi na ndoo zimepangana hadi nje, Fundi alizima mashine.

"Umeme umekatika?" akauliza mama mmoja mwenye ndoo ya bluu.

"Upo."

"Mkanda tena?"

"Mzima."

"Sasa?"

Fundi akafuta mikono kwenye suruali, kazi isiyo na faida pande zote mbili. "Saa moja hatusagi. Mwanangu anajifunza kuongea."

Minong'ono ikapita kwenye foleni. Wawili wakachukua ndoo zao na kuvuka. Fundi akageukia ukuta asiwaone. Waliobaki walibaki kwa udadisi, na wote kwa pamoja wakanyamaza na kumkodolea Bosi macho. Hata mahakamani hakuna kimya cha namna ile. Bosi akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akapotelea kwenye magunia.

"Msimtazame hivyo!" mama akasema. "Ongeeni. Ongeeni mambo yenu tu."

Foleni ikatazamana. Hawa ni watu ambao siku zote walikuwa wakipayuka juu ya ngurumo kuhusu kodi za nyumba, waume na mabomba makavu. Walipoambiwa waongee, kila mmoja akajikuta mtupu.

"Tuongee nini?" yule wa ndoo ya bluu akauliza, amekereka.

"Chochote!"

"Mtu hawezi kuongea anapoambiwa ongea!"

Mama akamgeukia. "Enhe," alisema. "Mwambie na mwalimu."

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akauliza mwalimu yupi, na kabla hajajibiwa akasema kwamba hata mtoto wake alikataliwa mwaka jana kwa sababu ya kukojoa, na wa tatu akadakia, na mara foleni ikawa foleni tena, na mwenye nyumba wa mtu fulani akaanza kusemwa vibaya. Fundi akakaa chini karibu na magunia. Hakujua la kufanya, akaanza kufunga mdomo wa gunia. "Nafunga," aliyaambia magunia. "Kamba hii. Navuta." Msemaji alikuwa amekaa mlangoni, viganja vyote viwili vimeziba mdomo wake mwenyewe, kwa usalama.

Muda ukapita. Wa ndoo ya bluu akaangalia jua, akaguna kwa makusudi ili asikike. Mama akahesabu siku. Kesho Ijumaa.

Bosi akatoka kwenye magunia. Akapita miguu ya baba yake, akaenda kusimama chini ya swichi kubwa ya mashine iliyokuwa juu mno kwake. Akaitazama. Akamtazama baba yake. Fundi alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili na meno, na hakumwona.

Bosi akainua mkono. Hakuna aliyeuangalia. Akaushusha.

"Wasa," alisema.

Ilikuwa sauti nene kidogo kuliko walivyotarajia, na ndani yake hakukuwa na ombi lolote. Ilikuwa amri.

Kamba ikatoka kinywani mwa Fundi. Msemaji akatoa mlio kupitia vidole. Mama akashika ukuta. "Washa," alinong'ona. "Amesema washa."

Fundi akasimama, akafika kwenye swichi, mkono ukasita. Saa moja ilikuwa haijaisha hata nusu. Akiwasha, ngurumo itameza kila kitu. Asipowasha, mwanawe atakuwa ametoa neno lake la kwanza duniani na neno lisifanye kazi.

Akawasha.

Mashine ikanguruma. Foleni ikashangilia, nusu kwa ajili ya mtoto na nusu kwa ajili ya unga. Bosi akatazama mkanda unavyozunguka, akajitazama mikono, ambayo haikuwa imefanya kitu, na uso wake ukafunguka wote.

Kabla ndoo ya kwanza haijamiminwa, Fundi akazima.

"Eeh!" watu wakapiga kelele. "Fundi!"

Fundi akachuchumaa usawa wa mwanawe na kunyamaza. Mama akaja akachuchumaa pia, akamshika mumewe bega.

"Kesho atasema?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Kule hakuna mashine. Mwalimu atamuuliza jina, yeye atamtazama tu, na mwalimu ataandika mtoto wa mtu mwingine."

"Nitampeleka mimi. Nitamwambia mwalimu asubiri."

"Asubiri mpaka lini?"

Fundi akaelekeza kidevu kwenye foleni. "Hawa si wanasubiri?"

"Hatusubiri kwa kupenda!" yule wa ndoo ya bluu akasema.

"Wasa!" Bosi akafoka, na safari hii alimwangalia huyo mwenye ndoo ya bluu.

Mama yule akapigwa na butwaa. Kisha akaiweka ndoo yake chini, akajishika kiuno, akamgeukia Fundi kwa hasira yote aliyokuwa ameitunza tangu alasiri.

"Wewe unangoja nini? Hujasikia? Mtoto amesema washa!"